Mwanangu, huyo mtoto hajaharibika

Mwanangu mpenzi, assalamu alaykum,

Ile voisi yako ya jana usiku nimeisikiza mara tatu, ya kwanza nikiwa bado niko juu ya msala. Ulikuwa walia, na wewe si mtu wa kulia ovyo tangu utotoni, kwa hivyo nikaona hili silijibu kwa simu, nitakuandikia polepole na wewe soma watoto wakishalala. Umeniuliza mambo mawili, mwanao mkubwa ameharibika ama ni nini, na je umlete kwangu Amu (Lamu) akae nami ama umtafutie bweni. Ana miaka 13, unasema tayari anakujibu, asubuhi haamki, masomo yameshuka tangu aingie gredi 8, na juzi jirani kamuona kwenye jeti, lile gati la hapo Malindi, usiku akijirusha na wenzake maji yakiwa kupwa kabisa.

Hajaharibika. Nataka hilo ulisikie kwanza.

Nimefundisha miaka 29, chekechea halafu msingi, na kila mwaka nilikuwa naona wazazi wakikasirikia mtoto kwa kitu ambacho bado hakijamfikia. Wakumbuka Ramadhani ile mliyokuja, kitinda mimba wako alivyolilia juisi ya ukwaju? Nilimimina gilasi mbili sawasawa, yake na ya kakake, akakubali ziko sawa. Halafu yake nikaitia kwenye bakuli pana kwa sababu gilasi ilikuwa na ufa, akaangua kilio eti ya kaka imekuwa nyingi. Nikairudisha kwenye gilasi nyingine akanyamaza, nikaitia bakulini akalia tena, mbele ya macho yake, hakuna tone lililomwagika. Wewe ukamwambia acha ujinga. Si ujinga mwanangu, ana miaka 5. Kuna Mswisi mmoja, Jean Piaget, alizaliwa 1896, alikuwa akiwafanyia watoto hivyo hivyo na maji na vyombo, akaona mtoto mdogo hushikwa na kile jicho linachoona, urefu ama upana, hawezi kushika vyote viwili kichwani kwa pamoja, na kwenye miaka 7 hivi wengi wanafika wenyewe. Humpigi mtoto ajue juisi haijaongezeka. Unangoja, na unampa vikombe achezee maji.

Sasa na huyu mkubwa ni vile vile, ila kwa sababu amekushinda urefu na sauti imekuwa nzito tunamdhania mtu mzima. Ubongo wa mbele, huu wa nyuma ya paji la uso, ndio wa kupanga, kujizuia, kufikiria kesho, na huo haumalizi kukomaa mpaka mtu ako miaka ya 20 na kitu. Lakini zile sehemu za msisimko na raha na hasira zinaamka mapema, pale mtoto anapobalehe. Kwa hivyo kwa miaka kadhaa anakuwa kama jahazi limeshatweka tanga na usukani bado fundi hajaufunga. Upepo upo, tena mwingi.

Na hiyo ya jeti. Mwite akiwa peke yake, ametulia, ameshiba, muulize maji kupwa mtu hujirusha? Atakwambia la, atavunja shingo. Kujua anajua, ni mtoto wa pwani. Wataalamu wawili wa Philadelphia kule Marekani, Gardner na Steinberg, 2005 waliwachezesha watu mchezo wa gari kwenye kompyuta, wengine peke yao, wengine wenzao wakiwatazama. Wakiwa na wenzao walijitia hatarini zaidi, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa wale wa miaka 13 mpaka 16 kuliko watu wazima wa 24 kwenda juu. Nilipoyasoma haya nilikumbuka vijana wetu hapa usita (mtaa) wa pwani, jioni, mmoja anaangalia kando kama kuna anayemtazama kabla hajaruka. Kwa hivyo hotuba ya "hujui hatari wewe" haitasaidia kitu, anaijua. Kinachosaidia ni saa na ni nani yuko naye. Mwekee mpaka mmoja wazi, baada ya isha hakuna jeti bila mtu mzima, basi, na mchana muache aende aogelee, usimfungie ndani kwa hofu, maana bahari ndiyo furaha yake.

Usingizi nao usiuite uvivu. Mtoto akibalehe ile melatonini ya kuleta usingizi huchelewa kutoka usiku, yaweza kuchelewa hata kwa masaa mawili, na bado mwili wake wataka kulala masaa 8 mpaka 10. Sasa analala saa 6 ya usiku, saa 11 umeshamgongea mlango, hesabu mwenyewe. Alfajiri mwamshe, sikwambii uache hiyo, lakini simu ilale chumbani kwako sio kwake, na akirudi shule mwache ajilaze kidogo kabla hujamtuma dukani.

Masomo. Umesema anasoma sana na hafaulu, na mimi nilimuona likizo anavyosoma, anapitisha kalamu ya rangi juu ya kila mstari, ukurasa mzima wa njano, na yeye anajiona amesoma. Chuoni, kule madrasa, tulisomaje sisi? Mwalimu alikuwa anafunga msahafu, haya soma kwa ghibu, ukikwama anakupa neno moja tu unaendelea, na kesho yake anakurudisha ulikotoka. Hiyo ndiyo dawa na si mambo ya kizamani. 2006 Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kipande cha maandishi, wengine wakakirudia kukisoma, wengine wakafunika na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndio walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojitahini wenyewe ndio waliobaki nayo. Basi ukiwa unapika chapati mwambie afunge daftari akueleze hayo ya sayansi kama anamfundisha mtu, usimsahihishe mbio mbio, mwache akwame, aende akaangalie arudi.

Na sasa nikwambie kitu ambacho hukukiona. Ile Agosti nilipompeleka kijijini Matondoni kwa kakako fundi wa mashua, siku ya kwanza mjomba wake hakumwambia lolote, alimkalisha chini ya ile mashua inayotengenezwa awe anasokota pamba ya kalafati, ile ya kuziba nafasi za mbao, na kuipaka mafuta ya papa, kutwa nzima, mikono inanuka papa. Siku ya pili akampa patasi na nyundo, akamshika mkono akamuonyesha jinsi ya kuishindilia pamba kati ya mbao mbili, si kwa nguvu, kwa mlio, ukisikia mlio umebadilika ujue imejaa. Siku ya nne mjomba akaondoka kwenda kuswali dhuhuri akamwachia mstari mzima peke yake! Mimi niliketi kivulini nikamtazama. Mtoto huyu unayesema hawezi kutulia dakika 10 alilala chali kwenye mchanga zaidi ya saa nzima, sikio kalielekeza kwenye mbao, anagonga, anasikiliza, anagonga, simu iko kwenye kapu langu hata hajaiulizia. Mjomba aliporudi akapitisha kidole, akatoa pamba sehemu moja tu, akamwambia hapa rudia, akaenda zake. Ungeuona uso wake.

Kuna Mrusi aliitwa Vygotsky, naye alizaliwa 1896, alikufa na miaka 37 tu kwa kifua kikuu, alisema mtoto hujifunza vizuri pale ambapo peke yake hajafika lakini akiwa na mtu anayejua pembeni anafika. Kakako hajawahi kumsikia huyo mtu ila ndivyo anavyofundisha, anasaidia, anapunguza, anaondoka.

Na mumeo yuko safarini, huyu kijana hana mwanamume wa kumtazama kila siku, na umri wake ndio wa kujiuliza mimi ni nani, niwe kama nani. Akinuna kwamba hutaki awe mtu wake mwenyewe si dharau yote hiyo, sehemu yake ni kujipima.

Mwanangu nina jambo langu na wewe. Ulipokuwa na miaka 14 nilikupiga kofi mbele ya shangazi zako kwa ajili ya ile barua niliyoikuta kwenye kitabu. Niliamini nakulea. Tokea siku hiyo mpaka unaolewa hukuniambia tena siri yako hata moja, nilikuwa nasikia habari zako kwa majirani, na sikujua nikurudie vipi. Nilikosea, unisamehe. Fimbo shuleni Katiba ya 2010 na Sheria ya Watoto ya 2022 zimeikataza, lakini mimi sikuacha kwa ajili ya sheria, niliacha kwa ajili yako.

Kwa hivyo bweni hapana. Muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, unauzwa kila kona na wenye kuwatafuta watoto kama hawa wapo, sasa hivi ndio awe na mtu wa kumwambia ukweli usiku, na mtu huyo uwe wewe. Ukiona amewaacha marafiki zake wote, chakula hali, usingizi hapati, ama anasema maneno ya kutotaka kuishi, hapo hiyo si balehe tena, usimngoje mtu wala usione aibu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na unipigie, nitapanda basi la kwanza.

Kukaa nami pia hapana, ila Agosti mlete. Mjomba ana mashua mpya, ameniambia mstari wa kushoto anamwekea yeye. Usimwambie mimi nimepanga. Na niandikie namba ya viatu vyake, nasikia vile nilivyomnunulia siku ya Idi vimeshambana.

Mamako