Maswali yenu: Kwa nini deni la chuo Marekani linawaelemea zaidi weusi?

Toleo lililopita tuliandika mstari mmoja tu, kwamba mikopo ya chuo kule Marekani inazidi kupanua pengo la mali kati ya weusi na wazungu. Basi meseji zikamiminika, nyingine za matusi kabisa, hizo tumeziacha. Zenye hoja ndo hizi.

Mhariri mimi nipo Mwanza, Bodi ya Mikopo inanikata 15% ya mshahara kila mwezi na sijafa. Mkopo wa serikali ya Marekani ni fomu moja, riba moja, mzungu na mweusi wote wanajaza ileile. Sasa ubaguzi upo wapi hapo? Mnatuletea siasa tu. (Mkatwaji, Mwanza)

Mkatwaji, kwanza pole na makato. Kwenye fomu uko sahihi, riba ya mkopo wa serikali haiangalii rangi ya mtu. Lakini mtu anakopa kile ambacho nyumbani hakipo, na hapo kwenye nyumbani ndo pana kesi yenyewe.

Benki Kuu ya Marekani huwa inapima mali za familia kila baada ya miaka mitatu. Mwaka 2022 ukizipanga familia zote za wazungu kuanzia ya chini hadi ya juu, ile ya katikati kabisa ilikuwa na mali ya dola 285,000 ukishatoa madeni. Ya weusi ilikuwa na dola 44,900. Hiyo ni zaidi ya mara sita, na hapo hatujagusa mabilionea, ni watu wa kawaida tu hao.

Na tofauti hiyo haikuja kwa uvivu wa mtu. Mali ya Mmarekani wa kawaida ni nyumba, na miaka ya 1930 serikali yao yenyewe ilichora ramani za miji ikaipaka rangi nyekundu mitaa ya weusi, maana yake benki usikopeshe hapa. Vita Kuu ya Pili ilipokaribia kuisha ikaja sheria ya 1944 ya kuwapa wanajeshi hela ya kusoma na dhamana ya mkopo wa nyumba, kwenye karatasi ni ya wote, ila utekelezaji uliachwa kwa mabenki na maofisa wa kule kule majimboni. Mississippi mwaka 1947 zilitoka dhamana zaidi ya 3,200 za mikopo ya nyumba, biashara na mashamba, waliopata weusi ni wawili. Wawili, sijakosea kuandika. Sheria ya kukataza ubaguzi kwenye nyumba ikaja 1968, wenzao washanunua zamani na bei ishapanda mara kadhaa.

Sasa mjukuu wa yule aliyenunua nyumba 1950 akitaka kwenda chuo, wazazi wanakopea nyumba au bibi anatoa hela yake ya akiba, mtoto anachukua mkopo kidogo au hachukui kabisa. Mjukuu wa yule aliyekataliwa anachukua wote. Kuna utafiti wa taasisi ya Brookings wa 2016 uliofuata wahitimu wa digrii ya kwanza: siku ya kumaliza chuo mweusi alikuwa anadaiwa kama dola 7,400 zaidi ya mzungu, ila miaka minne baadaye tofauti ilikuwa imefika karibu dola 25,000. Soma tena hapo, walishamaliza digrii hiyo, na pengo likaongezeka mara tatu. Sababu mojawapo ni kwamba wengi walirudi kusoma mastaz kwa mkopo. Nyingine ni riba.

Hebu tupige hesabu. Una deni la dola 30,000 kwa riba ya 6.5%. Riba peke yake ni dola 1,950 kwa mwaka, kama 162 kwa mwezi. Ukitaka kulimaliza kwa miaka kumi ulipe kama 340 kila mwezi. Mshahara ni mdogo, na kila mwezi mama naye anasubiri kitu, kwa hiyo unaomba ulipe kulingana na kipato, wanakupangia tuseme 90. Unalipa 90 yako bila kuchelewa hata siku moja, umenyooka kabisa, na deni linapanda dola 72 kila mwezi. Ndo maana utafiti huohuo ulikuta 48% ya wahitimu weusi baada ya miaka minne wanadaiwa kuliko walivyokuwa wanadaiwa siku ya kuhitimu, wazungu ni 17%. Mipango mingine ya kulipa imejaribu kuziba hiyo tundu ya riba, ila mingi ya miaka iliyopita iliiacha wazi hivohivo.

Wewe Mkatwaji Bodi wanakukata 15% na inauma, lakini ile tozo ya 6% ya kulinda thamani ilifutwa 2021. Kila makato yakipita deni lako linapungua. Mkopaji mwenzako wa kule Marekani angekuonea wivu.

Za kazi dada. Nipo Dallas, natunza wazee majumbani, mume wangu anaendesha Uber. Kijana wetu kapata chuo, barua imekuja imeandikwa Parent PLUS dola 20,000 kwa mwaka. Anasema mama wewe saini tu nitakuja kulipa mimi. Rafiki zangu wanasema huo mkopo kila mtu anapewa. Nisaini? (Mama wa Dallas)

Salama dada, na hongera kwa kijana. Kabla hujashika kalamu nakuomba ujue kitu kimoja, huo mkopo si wa mtoto. Ni wako. Jina ni lako, krediti, yaani rekodi ya ulivyolipa madeni, ni yako, na hakuna njia ya serikali ya kumhamishia yeye hata akija kuwa daktari bingwa. Ahadi yake ni ya mapenzi tu, kisheria haipo.

Riba kwa mikopo ya mwaka wa masomo 2025/26 ni 8.94%, na kabla hela haijafika chuoni wanakata ada ya 4.228%, kwa hiyo kwenye 20,000 zinafika kama 19,150 ila unadaiwa 20,000 nzima. Riba ya mwaka wa kwanza peke yake inakaribia dola 1,800. Na kila mwaka unachukua mwingine juu yake.

Hao rafiki zako wanaosema kila mtu anapewa wako karibu na ukweli, na hapo ndo mtego ulipo. Mkopo huu hauulizi unapata shilingi ngapi. Wanaangalia tu kama krediti yako ina doa kubwa, mambo ya kufilisika au madeni uliyoyatelekeza, basi. Benki ikikupa mkopo wa nyumba itataka kuona mpaka risiti za mshahara, ila hapa mama anayetunza wazee anaidhinishwa sawa na mwanasheria. Kwa miaka mingi mzazi aliruhusiwa kukopa gharama yote ya chuo bila kikomo, na familia za weusi zenye kipato cha chini kabisa zikaingia kwa wingi kwa sababu hazikuwa na pa kutokea pengine. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imeweka kikomo kwa mikopo mipya kuanzia tarehe 1 Julai 2026: 20,000 kwa mwaka, na 65,000 jumla kwa kila mtoto.

Ukishindwa kulipa, serikali ina haki ya kuchukua mpaka 15% ya mshahara wako bila kwenda mahakamani, na marejesho yako ya kodi wanayazuia. Kutangaza kufilisika hakusaidii, mikopo ya chuo ni karibu haifutiki huko, lazima uthibitishe mateso ya kupitiliza mbele ya hakimu.

Mimi kwa maoni yangu usisaini 20,000 ya mwaka wa kwanza. Omba tu kwanza, kuomba si kusaini, na kama wakikukataa usione aibu, kuna faida ambayo watu hawaijui: mzazi akikataliwa PLUS, mtoto mwenyewe anaruhusiwa kukopa mpaka dola 4,000 zaidi kwa jina lake kwa miaka ile ya mwanzo, kwa riba ya chini kuliko yako. Halafu mpigieni simu mtu wa ofisi ya misaada ya chuo, mwambieni hali halisi, hasa kama kipato kimeshuka tangu mjaze fomu, wana mamlaka ya kuangalia upya. Na kama atakubali, aanze miaka miwili kwenye chuo cha jamii, vile vya umma vya ada nafuu, hapo hapo Dallas, halafu ahamie chuo kikuu. Cheti mwishoni kinaandikwa jina la chuo alichomalizia. Najua vijana hawapendi kusikia, wanataka picha za hosteli.

Ila sitaki niseme mkopo huu ni shetani tu. Mwaka 2011 serikali ilibana masharti ya krediti ghafla, na vyuo vya kihistoria vya weusi, vilivyoanzishwa kwa ajili yao enzi za ubaguzi, vikapoteza maelfu ya wanafunzi, watoto waliokuwa katikati ya digrii wakarudi nyumbani. Ukiubana bila kuweka msaada mwingine badala yake aliyebanwa ni yuleyule.

Mhariri acha kutetea watu. Shida ni kozi. Weusi wanasoma kozi za kupiga domo halafu wanalia riba. Wasome kozi zenye hela waone. (Mzee wa Hesabu, Nakuru)

Mzee wetu heshima yako, kozi kweli ina uzito kwenye mshahara, sibishi. Lakini watafiti wa chuo kikuu cha Brandeis walitoa ripoti 2019 wakifuata watu miaka 20 tangu waanze chuo. Mkopaji wa kizungu wa kawaida alikuwa ameshalipa 94% ya deni. Mweusi wa kawaida bado alikuwa anadaiwa 95% ya alichokopa. Kozi peke yake haiwezi kuleta tofauti kama hiyo, labda kama unaamini watu wote wa rangi moja walikubaliana kusoma kupiga domo. Mzungu mwenye digrii mara nyingi bado anasaidiwa na kwao, hata kwenye hela ya kutangulizia nyumba. Mweusi mwenye digrii ndo msaada wa ukoo. Wewe wa Nakuru hilo hunihitaji nikueleze, wadogo zako unawalipia nani?

Mdogo wangu yuko Columbus, Ohio, kaona tangazo la chuo cha miezi tisa unatoka msaidizi wa daktari, wanampigia simu kila siku. Ni wazuri? (Dada Mkubwa, Arusha)

Chuo kinachokupigia simu kila siku kikimbie. Huko kuna vyuo vya kibiashara, vinaendeshwa kwa faida, na hela yao kubwa ni hiyohiyo mikopo ya serikali inayopita kwa mwanafunzi. Walikuwa wakilenga hasa wanajeshi wastaafu, mama wanaolea peke yao, na mitaa ya weusi na walatino. Kampuni ya vyuo ya Corinthian ilianguka Aprili 2015, nyingine ya ITT Tech ikafuata Septemba 2016, wanafunzi wakabaki na deni bila cheti. Mwaka 2022 serikali ilifuta dola bilioni 5.8 za watu 560,000 waliopita Corinthian, miaka saba baadaye. Amuulize huyo anayempigia simu swali moja tu: masomo yenu yanapokelewa na chuo cha jamii cha hapa mjini? Akianza kuzunguka, akate simu.

Si Biden alishafuta hayo madeni? (Bila jina)

Alijaribu. Agosti 2022 alitangaza kufuta dola 10,000, na mpaka 20,000 kwa waliowahi kupata ruzuku ya Pell, ambayo ni ya watoto wa kipato cha chini, kwa hiyo weusi wengi wangeguswa. Mahakama Kuu ya juu kabisa ikaizima tarehe 30 Juni 2023, majaji sita kwa watatu. Kuna waliopata nafuu kwa njia nyingine, walimu, watumishi wa umma, waliotapeliwa na vyuo, ila ule mpango mkubwa haukufika. Waliofutiwa kweli bila foleni ni darasa la 2019 la chuo cha Morehouse pale Atlanta, karibu vijana 400, bilionea Robert F. Smith alisimama kwenye mahafali akasema nalipa, ikaja kama dola milioni 34 na mikopo ya wazazi wao ikiwemo. Walioanza mwaka mmoja nyuma yao hawakuguswa.

Na mimi nikirudi Bongo, deni si linabaki hukohuko? (Mbeba Boksi, Houston)

Nimecheka, lakini umeuliza kwa niaba ya wengi. Kama ni la serikali halina muda wa kuisha, linakusubiri miaka yote na riba yake. Kama ni la benki binafsi mara nyingi kuna mtu alikusainia, labda shangazi au binamu mwenye kazi nzuri. Wewe ukipanda ndege simu inapigwa kwake, na krediti itakayoharibika ni yake. Kwa hiyo kabla ya tiketi, mpigie yeye kwanza.