Leseni ya GPL Inakudai kwa Nani?

Katika kazi yangu ya kurekebisha programu huria kwa ajili ya vyuo na maktaba, wateja huniuliza mara kwa mara kama leseni ya GPL, ambayo programu nyingi huria hutolewa chini yake, inawalazimu kurudisha kila rekebisho kwa walioiandika programu mwanzoni. Haiwalazimu. GPL, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989 na Free Software Foundation, taasisi aliyoiasisi Richard Stallman, inakudai kwa yule unayemkabidhi programu: ukimpa nakala, sharti apate na msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kama fundi alivyoyaandika, wenye marekebisho yako, kwa masharti yale yale uliyoipokelea wewe. Ndiyo maana chuo kinachoongeza ukurasa wa ada katika Moodle yake, mfumo wa masomo ya mtandaoni ulio chini ya GPL, na kuitumia chenyewe hakidaiwi na mtu. Free Software Foundation hiyo hiyo, ajabu kwa wengi, huikataa leseni inayomlazimisha mtu kumwarifu mwandishi wa awali kila anapotoa toleo lake.

Deni linakuwa zito unapokuwa fundi wa kukodiwa, kwa sababu kumkabidhi mteja kazi ni kumgawia programu. Mteja mmoja aliwahi kuletewa mkataba unaomkataza kumwonyesha fundi mwingine msimbo wa Koha, mfumo wake wa kuendeshea maktaba. Nilimshauri asitie saini, kwani Koha iko chini ya GPL na kifungu cha namna hiyo kinapingana nayo moja kwa moja. Kwa upande wangu, huandika katika mkataba kwamba msimbo chanzo unakabidhiwa pamoja na programu, na kwamba ninacholipwa ni kazi, si siri.

Tahadhari zaidi inahitajika kwenye AGPL, leseni ndugu ya GPL, ambayo toleo lake la 3 la mwaka 2007 linampa haki ya kuupata msimbo hata mtu anayeitumia programu uliyoirekebisha kupitia mtandao tu, ingawa haijawahi kutoka kwenye seva yako. Fungua faili la leseni ulisome kabla ya kukubaliana bei.

Pamoja na hayo, nashauri urudishe marekebisho hata pasipo kulazimishwa. Koha hutoa toleo kubwa jipya kila baada ya miezi sita, na rekebisho lililobaki kwako utalipachika upya kila mara, wakati lililokubaliwa na mradi hutunzwa na mradi wenyewe. Lipeleke likiwa dogo, lenye maelezo ya namna ya kulijaribu, maana halipokelewi mpaka mtu mwingine alijaribu na kuliidhinisha.