Baada ya riwaya za shule, usome nini?

Kama umesoma za shule tu, usirukie Nagona ya Kezilahabi. Ni fupi, lakini haina msuko ulionyooka, wengi huiacha njiani. Anza na Rosa Mistika (1971), yake pia, kisha Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi.

Ushairi: Kichomi (1974) ya Kezilahabi ni mashairi huru, hayakubani kwa vina na mizani. Halafu Sauti ya Dhiki (1973) ya Abdilatif Abdalla, aliyoitunga gerezani. Hiyo ina Kimvita, lahaja ya Mombasa, kwa hiyo soma kwa sauti, ubeti mmoja mara mbili, ndipo ufungue kamusi. Ukikimbilia kamusi kwanza, mizani inapotea na utamu nao.

Vipya? Fuatilia washindi wa tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell. Hushindanisha riwaya na mashairi pia.