Mwanafunzi wa Roboti, Anzia Wodini

Kila likizo ya vyuo inapofika, vijana wa Mtwara na Lindi wanaosomea uhandisi Dar es Salaam, Mbeya na Arusha huniuliza ni utafiti gani wa roboti na tiba unaowafaa kwa mradi wa mwaka wa mwisho. Wengi huja wakiwa wameshaamua kwamba watashughulikia upasuaji. Kazi yangu ni vifaa tiba, na sehemu kubwa ya siku zangu hupita kati ya karakana na wodi. Ushauri wangu kwao ni kwamba wasianze na mashine. Wachague kazi moja ya mikono inayofanyika wodini, waikalie mpaka waielewe kama anavyoielewa muuguzi, kisha ndipo wajiulize kama mashine ina msaada wowote pale.

Hata roboti zenyewe hazikuzaliwa hospitalini. Unimate, roboti ya kwanza ya kiwandani, ilianza kazi mwaka 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, na ilipofika 1985, mkono wa kiwandani uitwao PUMA ulitumika Long Beach, California, kuelekeza sindano ya kuchukua sampuli ya ubongo kwa kufuata picha za CT, yaani eksirei zinazounganishwa na kompyuta. Thamani yake ilikuwa katika jambo moja tu, yaani kutulia mahali palipoelekezwa bila kutetemeka. Mfumo wa upasuaji wa da Vinci, ulioruhusiwa Marekani mwaka 2000, nao haupasui wenyewe; daktari hukaa kwenye kiti chake na mikono yake ndiyo inayoiendesha ile ya mashine.

Sasa tazama dripu. Daktari ameandika lita moja kwa saa 8. Muuguzi anajua kwamba mpira wake hutoa matone 20 kwa mililita, kwa hiyo anatafuta matone yapatayo 42 kwa dakika. Anasimama kando ya kitanda, anaitazama saa, anahesabu matone, anasogeza kidogo kigurudumu cha kubana mpira, anahesabu tena, kisha anaitwa kitanda kingine. Mgonjwa akikunja kiwiko, mwendo wa matone hubadilika. Maji yakipungua chupani hubadilika pia, kwa sababu kimo cha maji juu ya mshipa ndicho kinachoyasukuma.

Humo mna karibu yote yanayofundishwa katika somo la udhibiti wa mifumo: lengo, kipimo, tofauti kati ya hivyo viwili, na kitendo cha kusahihisha. Taa ndogo ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, na kipokezi chake huhesabu matone, bodi ya Arduino, yaani kompyuta ndogo ya kupangiwa kazi, hulinganisha hesabu na agizo la daktari, na mota ndogo hubana au kulegeza mpira. Tulipojaribu kifaa cha namna hiyo mezani, kwa maji na ndoo tu, kilihesabu vizuri usiku na kuvurugika asubuhi, kwani jua la dirishani lina infraredi nyingi kuliko kitaa chetu. Dawa yake inajulikana: taa iwake na kuzimika kwa kasi maalumu, na kipokezi kipuuze mwanga wowote usiofuata kasi hiyo.

Swali gumu zaidi liliulizwa na sista mmoja aliyekuja kukitazama: umeme ukikatika, kibanio kibaki wapi? Mhandisi huona haraka kwamba kifunge, kwa kuwa kufunga ndiyo hali salama. Sista alieleza kwamba kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali hiyo ni kweli, maana maji mengi ya haraka yanaweza kuuelemea moyo wake. Lakini mgonjwa wa kipindupindu aliyekwisha kukauka anahitaji maji yaendelee kuingia, na tena dripu ikisimama kwa muda damu huganda kwenye kanula, kijimrija kilicho ndani ya mshipa, mshipa mwingine ukaanza kutafutwa. Kwa hiyo hali salama inategemea aliyelala kitandani, na hilo huwezi kuliamua ukiwa karakana peke yako. Naamini mwanafunzi atakayelichunguza swali hili kwa makini, akibuni namna ya muuguzi kuchagua mapema, kengele yenye betri yake, na njia ya kukitoa kifaa kwa mkono mmoja, atakuwa amefanya utafiti wa maana kuliko anayenakili mkono wa upasuaji kwa plastiki.

Kwa wanaopenda mazoezi tiba, someni kazi ya Neville Hogan wa chuo cha MIT cha Marekani, aliyeeleza mwaka 1985 namna ya kuifanya roboti ilegee au ikaze kulingana na nguvu inayokutana nayo. Juu ya wazo hilo ilijengwa roboti ya MIT-Manus, inayomsaidia mgonjwa wa kiharusi kuunyoosha mkono pale tu nguvu zake zinapoishia.

Kuhusu taratibu, nawasihi msizikwepe. Ombeni wasimamizi wawili, mmoja wa uhandisi na mmoja wa tiba. Iwe ni hospitali ya Ligula, Sokoine ya Lindi, Nyangao au Ndanda, nendeni na barua ya chuo kwa mganga mfawidhi, mkaombe kwanza ruhusa ya kutazama kazi tu. Kifaa kisiguse mgonjwa hata mmoja kabla ya kibali cha maadili ya utafiti; NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ndiyo inayoshughulikia hilo kitaifa, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ndiyo inayodhibiti vifaa tiba. Mradi wa shahada ya kwanza unaweza kukamilika kwa maji na ndoo, na hakuna upungufu katika hilo.

Liko pia jambo la mazingira yetu. Hewa ya chumvi ya Mikindani na Lindi mjini, pamoja na joto na unyevu wa masika, huharibu viunganishi vya shaba vilivyofanya kazi vizuri Dar es Salaam ndani ya kiyoyozi. Kiacheni kifaa kikiwaka katika chumba kisicho na kiyoyozi msimu mzima, mkikikagua kila wiki, na mwandike tarehe ambayo kutu ya kijani itaonekana mara ya kwanza na ni kiunganishi kipi kilichotangulia. Takwimu hizo ziingie kwenye sura ya matokeo, pamoja na picha.