Kufuta TikTok peke yake hakutoshi

Ndugu, unasema umefuta TikTok na bado saa nane ya usiku inakukuta na simu mkononi. Kwa maoni yangu shida ni simu kulala nawe kitandani. Nunua saa ya mezani ya kukuamsha, simu ichajiwe sebuleni. Hilo litakusaidia kuliko programu za kujizuia, maana zile ukibanwa unazizima mwenyewe.

Kingine ambacho watu hawakitaji ni vifurushi. Ukinunua cha saa 24 utakesha unakimaliza kisikuishie bure. Chukua kidogo cha mwezi, na ukifika nyumbani zima data. Simu za kawaida na SMS zitaingia kama kawaida, mama akikutafuta atakupata.

Magrupu ya WhatsApp yanyamazishe, ukianza na ya harusi (usijali, mweka hazina akitaka mchango atakupigia!). Wanaokushauri kitochi hawajakosea, hata M-Pesa inafanya kazi humo, ila kama wateja wako wako WhatsApp utarudi kwenye simujanja kabla wiki haijaisha.