Radoni kwenye nyumba ya Ngamiani

Dada yangu, umesema kaka yako Marekani kapima chumba cha chini ya ardhi akakuta radoni, na sasa hulali ukiwaza nyumba yenu ya Ngamiani, hapa Tanga, na mumeo anavuta sigara.

Radoni ni gesi itokayo ardhini, pale urani, madini yenye mionzi, iliyomo kwenye miamba na udongo inapovunjika. Haina rangi wala harufu, ila ikivutwa kwa muda mrefu huweza kuleta saratani ya mapafu. Hujaa penye kufungwa, na kwao Marekani madirisha hufungwa baridi nzima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi bekereli 100 (kipimo cha mionzi) kwa mita ya ujazo. Kwenu, dirisha la nondo na wavu, upepo wa bahari unaingia huku unatokea kule, itakaa wapi? Labda kile chumba cha kiyoyozi. Kifungue asubuhi, nyufa za sakafu zibeni kwa saruji.

Mie kinachonitisha ni hiyo sigara. Ndiyo inayoongoza kwa saratani ya mapafu, na mvutaji anayevuta na radoni humo humo hatari yake ni kama mara 25 ya asiyevuta. Aache, akishindwa, avutie uani, mbali na watoto. Jiko la mkaa nalo litoke ndani. Na kikohozi cha mumeo, kikipita wiki mbili, akapigwe eksirei.