Solo inayomezwa jukwaani

Kaka, umesema solo yako ya gita inanoga ukivaa hedifoni chumbani, ila ukifika jukwaani inamezwa na kinanda na gita la rizimu. Usikimbilie kununua mashine nyingine ya efekti za gita. Kwenye sauti ya chini sikio huzisikia besi na sauti nyembamba kwa unyonge, kwa hiyo sote huziongeza; ukipandisha volyumu zinageuka vurugu. Tengeneza toni yako kwa ukubwa ule ule wa sauti ya jukwaani, bendi ikipiga.

Kisha punguza geini, yaani kile kitufe kinacholeta mkwaruzo. Najua inauma, maana geini nyingi huficha makosa ya vidole, lakini pia inaua ule mdundo wa mwanzo wa noti. Kwenye ikwaliza, kata chini ya hezi 100 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), pale ni nyumbani kwa besi na kiki, ngoma kubwa ya mguu. Kata na juu ya hezi 6,000 hivi, kwani hata spika halisi ya gita haipandi sana zaidi ya hapo. Halafu ongeza sauti za kati, hezi 800 hadi 1,500. Ukipiga peke yako utaona kama gita linaongelea puani. Liache hivyo hivyo.

Ukichomeka moja kwa moja kwenye mikisa, uigaji wa kasha la spika (sehemu ya mashine inayoiga sauti ya spika ya gita) uwe umewashwa. Ukipitia ampu ya gita, uzime. Nyongeza ya sauti ya solo, desibeli 3, iweke baada ya ampu inayoigwa ndani ya mashine, la sivyo utaongeza mkwaruzo tu. Dilei, yaani mwangwi, ya milisekunde 380, ikichanganywa kwa asilimia 20, inatosha.

Ila kama ni sebene, sahau mkwaruzo: toni safi na kompresa kidogo, ile efekti ya kusawazisha noti za nguvu na za unyonge.